Kabla hujampulizia buibui dawa ya shamba, tusikilizane

Leo siongelei mbolea wala bei ya kitunguu swaumu. Naongelea jambo linalotokea ndani ya nyumba zetu kila mavuno yakishaingia, kuanzia Dongobesh na Haydom mpaka Katesh na Bassotu, na ambalo vijana wengi mnalichukulia kawaida tu.

Mambo huwa hivi. Magunia ya mahindi, maharage na mbaazi yamepangwa chumbani mpaka karibu na dari. Swaumu zimening'inizwa kwenye kenchi. Baada ya wiki mbili tatu buibui wanaanza kuonekana: mmoja kwenye kona, mwingine nyuma ya gunia, mwingine ana tumbo la mviringo kama punje ya mbaazi. Watoto wanapiga kelele, mama watoto anasema hapa halali mtu. Basi kijana anachukua bomba la mgongoni, anachanganya ile dawa iliyobaki ya viwavijeshi, anapulizia kuta, uvungu wa kitanda, wengine mpaka godoro. Usiku familia nzima inalala humo humo.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: katika chumba hicho, kitu chenye sumu ya kuogopwa kuliko vyote ni kile kilichotoka kwenye bomba. Buibui anafuata kwa mbali sana. Na ukitaka buibui wapungue kweli, dawa si jibu. Jibu ni kuacha kulala na mazao.

Buibui gani ana sumu ya kukuumiza?

Karibu buibui wote wana sumu. Ndiyo silaha yao ya kuulia wadudu wanaowala. Lakini wengi meno yao hayawezi hata kupenya ngozi ya mtu, na wakipenya, maumivu hayazidi ya nyuki. Yule mwenye miguu mirefu myembamba anayening'inia kwenye kona za dari hana shida na wewe. Yule bapa anayekimbia ukutani ukiwasha taa naye hana shida, anawinda mende na nondo.

Wa kumheshimu ni jamii ya buibui wajane, ambao tunao Afrika Mashariki. Wa kahawia ndiye anayependa sana makazi ya watu. Jike lake lina tumbo la duara, miguu myembamba yenye pingili za rangi mbili, na chini ya tumbo kuna alama ya rangi ya machungwa au nyekundu. Mfuko wake wa mayai una vijimiba kama mbigili, huo huwezi kuukosea. Anakaa mahali pasipoguswa: chini ya kiti, ndani ya ndoo iliyoinamishwa, kwenye tairi kuukuu, pembe za choo, nyuma ya magunia. Hakimbizi mtu. Anauma akibanwa, yaani ukimshika pamoja na gunia au ukivaa kiatu alichojificha.

Ndugu yake mweusi ana sumu kali zaidi na hupenda zaidi shambani kuliko nyumbani. Kule Western Cape, Afrika Kusini, watu wameumwa naye kwenye mashamba ya ngano wakati wa mavuno. Ninyi mnaolima ngano Bassotu, hilo liwafundishe kuvaa glavu mnapobeba majani makavu na magunia yaliyolala shambani. Anayeumwa hupata maumivu makali, kisha misuli ya tumbo na mgongo inakaza, jasho linatoka. Ni wa kupelekwa hospitali. Lakini vifo ni vichache sana, hata duniani kote.

Sasa linganisha na nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Kifutu anayelala pembeni ya rundo la kuni na swila anayefuata panya stoo ni hatari halisi ya mkulima. Nge naye, hasa mwenye mkia mnene na vibano vyembamba, ni wa kumwogopa kuliko buibui. Habari njema ni kwamba kinachomzuia buibui kinawazuia na hao wengine. Nitafika huko.

Si kila kidonda ni cha buibui

Hili naomba wafugaji mlisome mara mbili. Mtu anaamka na kipele kinachowasha. Hakuona mdudu yeyote. Anasema, "Nimeumwa na buibui." Anapaka majani, anasubiri. Mara nyingi ni jipu au maambukizi ya kawaida ya ngozi. Wakati mwingine ni yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi tunayemuita nzi wa Nairobi: yeye haumi, bali ukimponda kwenye ngozi maji yake yanaunguza.

Lakini kuna jingine ambalo si la mchezo: kimeta. Ugonjwa huu upo katika mikoa yetu ya kaskazini, na unaanza hivyo hivyo, kipele kama cha kuumwa na mdudu. Baada ya siku chache kinakuwa lengelenge, halafu kidonda chenye kovu jeusi katikati, pembeni pamevimba, na cha ajabu hakiumi sana. Kama wiki hiyo ulichuna ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla, au ulishika nyama na ngozi yake, usiseme buibui. Nenda hospitali leo leo na umwambie daktari habari ya mzoga huo. Kimeta cha ngozi kikiwahiwa kinatibika kwa dawa za kawaida za vijiumbe. Kikicheleweshwa kinaua. Na mjulishe afisa mifugo, kwa sababu mzoga ule bado unaambukiza wengine.

Unaona hasara ya kumsingizia buibui? Unatumia siku tatu kumtafuta adui ukutani, kumbe adui yuko kwenye damu yako.

Dawa ya shamba imetengenezewa shamba

Dawa nyingi tunazopulizia viwavijeshi, zikiwemo zile zenye profenofosi na klopirifosi, zinaua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Mwili una kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva ukishafika. Dawa hizi zinakifunga kimeng'enya hicho, ujumbe hauzimiki, misuli na tezi zinafanya kazi bila breki. Mdudu anakufa. Mwili wa binadamu nao una kimeng'enya hicho hicho. Ndiyo maana aliyedhurika anatokwa mate na jasho, mboni za macho zinasinyaa, anatapika, anatetemeka, kifua kinabana.

Shambani kuna jua, upepo na mvua, na dawa inaisha taratibu. Chumbani hakuna. Inabaki kwenye sakafu, kwenye shuka, kwenye godoro. Mtoto anayetambaa anashika sakafu, anaweka mkono mdomoni. Mwili wake ni mdogo, ubongo wake bado unakua. Kiasi ambacho wewe kinakuletea kichwa kuuma tu, yeye kinaweza kumdhuru kabisa.

Najua mtaniuliza, mbona Kanda ya Ziwa serikali ilipulizia dawa ukoko majumbani kuua mbu? Ni kweli, na swali ni zuri. Lakini zile ni dawa zilizochaguliwa na kuidhinishwa kwa kuta za nyumba, kwa kipimo chake. Wapuliziaji wamefunzwa na wamevaa kinga. Vyombo na chakula vinatolewa nje kwanza, watu wanatoka, wanarudi baada ya muda uliopangwa. Hilo na bomba lako la mgongoni lenye mabaki ya dawa ya mahindi ni vitu viwili tofauti. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kwa ajili ya mahindi, imesajiliwa kwa ajili ya mahindi. Lebo ndiyo inayosema itumike wapi, na alama ya rangi chini ya lebo inakuambia ukali wake: nyekundu ni hatari kabisa, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Kijani nayo si ruhusa ya kupulizia kitanda.

Halafu tuongee kama wafanyabiashara. Dawa hiyo hata haimalizi buibui. Anakaa juu ya utando wake, mwili hauligusi sana eneo lililopuliziwa, na mayai yamefungwa ndani ya mfuko. Unaua mbu na nondo aliokuwa anawala, yeye anarudi mwezi ujao. Kilichobaki ni sumu kwenye magunia yako ya maharage. Mnunuzi anayepima mabaki ya sumu hatakuuliza kama ulikuwa unamfukuza buibui. Atakataa mzigo.

Na tusisahau kwamba buibui anakufanyia kazi. Shambani anakula viwavi wadogo na nondo wao. Nyumbani anakula mbu. Kule Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wamemchunguza buibui mdogo mrukaji ambaye anachagua mbu aliyeshiba damu kuliko mbu mwenye njaa. Sisemi umfuge chumbani. Nasema mfagie, usimtangazie vita vya kemikali.

Vidonge: hapa ndipo ninapoogopa zaidi

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema, "Ngoja niweke vidonge vya kuhifadhi mahindi, nimalize dumuzi, panya na buibui kwa mpigo." Vidonge hivi ni aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu hewani vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui. Inaua dumuzi, inaua panya, inaua mtu. Inapita kwenye nyufa za ukuta na juu ya kuta zisizofika kwenye paa, inaingia chumba cha pili ambako watoto wamelala. Aliyeivuta anaumwa kichwa, anatapika, kifua kinabana, ni rahisi kabisa mkadhani amekula kitu kibaya. Na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Hospitali watapambana kuushikilia moyo na mapafu tu.

Sasa sikiliza, wewe wa Mbulu. Harufu ya gesi hiyo watu wengi huifananisha na kitunguu swaumu au samaki aliyeoza. Kwingine mtu akisikia harufu ya swaumu usiku chumbani atashtuka. Kwako wewe uliyening'iniza swaumu kwenye kenchi, nani atashtuka? Utasema ni mzigo wangu unanukia. Kwa hiyo sheria yangu ni moja na haina "lakini": vidonge hivyo havitumiki kwenye nyumba wanamolala watu au mifugo. Hata kimoja. Kufukiza ghala ni kazi ya mtu aliyefunzwa, kwenye ghala linalofungwa, lililo mbali na makazi.

Mbadala upo. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inaua dumuzi kwa kumnyima hewa, bila tone la sumu. Kausha mahindi vizuri, jaza, funga kila tabaka peke yake, usitoboe. Bei yake ni kubwa kuliko gunia la kawaida, lakini ukiitunza unaitumia tena msimu ujao.

Jenga stoo kabla ya kununua pikipiki

Hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Kijana anauza swaumu, anapata hela nzuri, kitu cha kwanza ni pikipiki, cha pili simu kubwa, na magunia yaliyobaki anayalaza chumbani akisubiri bei ipande. Nikimuuliza, ananijibu, "Mtaalamu, nje yataibiwa." Hoja yake ni ya kweli, siidharau. Wizi upo. Lakini chumba chenye magunia ni chumba chenye panya. Panya wanaita nyoka. Punje zilizomwagika zinaita wadudu, wadudu wanaita buibui na nge. Wewe na watoto mnalala katikati ya msururu wote huo, halafu tunalaumu mdudu wa mwisho kwenye foleni.

Stoo haihitaji kuwa jumba. Chumba kimoja cha tofali kinachoshikana na nyumba, mlango wake uko nje, hakuna tundu wala mlango wa ndani unaokiunganisha na mnakolala, ukuta umefika mpaka kwenye paa, kufuli nzuri. Utasikia mwizi akigusa, lakini hupumui vumbi la mazao. Kama huwezi peke yako, vijana wanne watano wa kitongoji kimoja wanaweza kukodi ghala na kumlipa mlinzi. Na kwa mazao yanayoingia kwenye stakabadhi ghalani, ghala lililosajiliwa linatunza mzigo wako na unasubiri bei ukiwa umelala kwa amani.

Wazee wetu wa Kiiraqw walijenga tembe zilizochimbwa kwenye kilima kwa sababu adui wa wakati ule alitoka nje, akitaka ng'ombe. Nyumba ilijengwa kumjibu adui wa zama zile. Adui wetu sisi tunamwingiza wenyewe kwa gunia. Tujenge kwa kumjibu huyo.

Mambo ya kufanya wiki hii

Hata kabla ya stoo, haya yanawezekana, na mengi ni jasho tu:

1. Ziba nyufa za ukuta. Udongo, mchanga na saruji kidogo vinatosha. Anzia chini na kuzunguka madirisha, kisha nafasi kati ya ukuta na bati.
2. Pigilia kipande cha mpira wa tyubu kuukuu chini ya mlango ufike sakafuni. Kinazuia nge, buibui na hata nyoka mdogo.
3. Weka wavu kwenye madirisha.
4. Kuni, matofali na mabati chakavu visiegemee ukuta wa nyumba. Visogeze mbali, na kata majani yanayozunguka nyumba.
5. Magunia yakae juu ya chaga, angalau nusu mita kutoka ukutani, ili ufagio upite nyuma yake.
6. Fagia utando mara moja kwa wiki kwa ufagio wa mti mrefu. Mifuko ya mayai iponde. Hii pekee inashinda dawa.
7. Taa ya nje inayowaka juu ya mlango usiku kucha inaita wadudu, na buibui wanafuata chakula. Isogeze mbali na mlango, au uizime ukishaingia ndani.
8. Lala kwenye chandarua na ukichomeke chini ya godoro pande zote. Utafiti uliofanyika Nepal ulionyesha wanaolala kwenye chandarua waliumwa na nyoka kwa uchache zaidi. Kitanda kisigusane na ukuta.
9. Kung'uta gambuti, overoli na glavu kabla ya kuvaa. Kila siku, siyo siku unayokumbuka. Na kibarua wako mpe glavu za kubebea magunia, ni gharama ndogo ya biashara.

Ikitokea umeumwa

Buibui au nge: osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha maji baridi. Kama maumivu yanapanda, misuli inakaza, au aliyeumwa ni mtoto, nenda hospitali.

Nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze muda na lile jiwe jeusi. Mtulize mtu, vua pete, bangili na viatu, funga mguu au mkono kwa banzi usichezecheze, mpeleke hospitali kwa chombo chochote kinachopatikana. Hapo pikipiki yako ina maana, na mgonjwa akae katikati, dereva mbele na mtu wa kumshika nyuma. Mkiwa upande wa Haydom au Katesh pigeni simu hospitali mkiwa njiani, wajiandae.

Aliyedhurika na dawa au gesi: mtoe kwenye hewa safi, fungua milango, lakini usiingie kwenye chumba chenye gesi bila kufikiri, nawe utabaki humo. Kama dawa imemwagikia mwili, mvue nguo na umwoshe. Usimlazimishe kutapika. Nenda hospitali na chupa au lebo ya dawa mkononi, kwa sababu daktari anahitaji kujua ni sumu gani.

Mnapofanya hesabu za msimu huu, andikeni stoo kama sehemu ya gharama za uzalishaji, mstari mmoja na mbegu na mbolea. Mazao yanayokufanya umpulizie mwanao sumu usiku, bei yake hata ikipanda mara mbili, bado umeuza kwa hasara. Anayetaka kupimiwa eneo la stoo au kuoneshwa namna ya kufunga mifuko ya tabaka tatu, amwone afisa ugani wa kata yake.